Kubadilishana mashamba kati ya milki kubwa za England: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tunajua ardhi huuzwa, hurithiwa au hugombewa. Kubadilishana, shamba kwa shamba, tunakuona kama jambo la mbuzi na baiskeli. Vijijini England ni desturi ya karne nyingi, na mpaka leo inaendelea kimyakimya kati ya majirani wenye ardhi kubwa. Majibu haya yanahusu England peke yake. Uskoti ina sheria yake ya ardhi, usichanganye.

Milki ni nini? Si shamba tu?

Shamba ni sehemu ya milki. Milki iliyokamilika huwa na jumba la mwenyewe, shamba moja linalolimwa na milki yenyewe, mashamba mengine yaliyopangishwa kwa wakulima, misitu, nyumba za kijijini, pengine na baa ya kijiji. Mwenyewe anaweza kuwa ukoo wa malodi, chuo cha Oxford au Cambridge, Kanisa la England kupitia Church Commissioners (chombo kinachosimamia mali zake), au Duchy of Cornwall, milki iliyoanzishwa mwaka 1337 kwa ajili ya mrithi wa kiti cha ufalme.

Si lazima milki iwe kipande kimoja. Bwana mmoja anaweza kuwa na mashamba mazuri karibu na jumba lake, halafu akawa na ekari mia nyingine ng'ambo ya bonde, zimezungukwa pande tatu na ardhi ya jirani. Babu yake alizipata kwa ndoa, au alilipwa deni. Hapo ndipo mazungumzo ya kubadilishana huanzia.

Kwa nini wabadilishane badala ya kuuziana tu?

Kwa sababu kinachotafutwa ni mahali, si pesa. Konde la ngano lililo kilomita nane kutoka ghalani linakula dizeli, linakula saa za dereva, na wakati wa mavuno mashine pana ya kuvunia inabidi ipite barabara nyembamba ya kijiji huku magari yakirudi nyuma kuipisha. Jirani ana konde la namna hiyo hiyo mlangoni pako. Wote wawili mnapata hasara kila mwaka, na hakuna aliyekosea.

Pia barabara kuu zimekata mashamba mengi vipande viwili tangu enzi za ujenzi wa motorway, na reli mpya hufanya vivyo hivyo. Mkulima anaamka akiwa na ekari ishirini upande asioweza kuufikia bila kuzunguka daraja la mbali. Mwenzake ng'ambo ana shida kama hiyo, ila imegeuzwa.

Halafu kuna jambo ambalo mthamini haliandiki kwenye ripoti. Ukoo uliokaa na ardhi miaka mia tatu hauoni raha kusema “tumeuza”. Kubadilishana hakuachi aibu hiyo, kwa kuwa jumla ya ekari inabaki palepale au karibu na hapo. Na kuuza ili ununue kwingine ni kamari: ardhi nzuri jirani na yako inaweza isiingie sokoni maisha yako yote.

Desturi hii ilianza lini?

Tangu zamani za mashamba ya wazi. Kijiji cha zama za kati, hasa katikati ya nchi, kilikuwa na makonde mawili au matatu makubwa yasiyo na ua, na kila familia ilikuwa na vipande vyembamba vilivyotawanyika humo, kimoja hapa, kingine kule. Watu walianza kubadilishana vipande ili viwe pamoja, na hati nyingi za zamani zinaonyesha hivyo: ekari moja kwa ekari moja, mbele ya mashahidi.

Baadaye mchezo ukawa mkubwa. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ardhi ua, zilizogusa ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu ya tano ya England. Makamishna walifika kijijini, wakapima, wakavunja vipande vyote na kugawa upya kila mtu apate ardhi yake mahali pamoja. Kwa wenye ardhi kubwa ulikuwa ni ubadilishanaji wa jumla uliopangwa na serikali. Kwa maskini aliyekuwa akilisha ng'ombe mmoja kwenye malisho ya wote, mara nyingi ilikuwa ni kunyang'anywa tu. Lisemwe wazi, kwa sababu vitabu vya sifa za milki hizi huwa vinapita hapo haraka.

Sheria ya mwaka 1845 iliwapa makamishna wa ardhi uwezo mwingine: wamiliki wawili wakikubaliana, wangeweza kuomba amri rasmi ya kubadilishana hata kama hakuna ua mpya unaojengwa. Uzuri wa amri hiyo ulikuwa mmoja, lakini mkubwa. Shamba jipya lilivaa viatu vya lile la zamani. Kama la zamani lilikuwa chini ya rehani au masharti ya urithi, masharti hayo yalihamia kwenye jipya, na hakukuwa na haja ya mawakili kuchimbua hati za miaka mia. Wanaofuatilia historia ya milki hukutana na amri hizi mara kwa mara.

Masharti ya urithi yalizuiaje kubadilishana?

Ukoo mkubwa ulikuwa unaifunga ardhi ili mrithi asiimalize kwa kamari. Aliyeishi kwenye jumba hakuwa mwenyewe kamili, alikuwa anaitumia maisha yake tu, kisha inakwenda kwa mwanawe wa kwanza wa kiume, na kuendelea. Mtu wa namna hiyo hana cha kubadilisha, maana si chake. Mpaka sheria iitwayo Settled Land Act ya mwaka 1882 ilipompa uwezo wa kuuza au kubadilisha ardhi, mradi kinachopatikana kiingie kwenye mfuko uleule wa ukoo. Tangu tarehe 1 Januari 1997 vifungo vipya vya aina hiyo haviruhusiwi, ingawa vya zamani viliachwa viendelee. Siku hizi milki nyingi ziko mikononi mwa wadhamini au kampuni ya familia, kwa hiyo ukitaka kuzungumza na “mwenye ardhi” tarajia kukaa mezani na watu watano.

Je, ni lazima mashamba yalingane?

Hapana, wala kwa ukubwa wala kwa thamani. Hata sheria ya zamani ilitaka haki za umiliki tu ndizo zilingane: umiliki kamili kwa umiliki kamili, si umiliki kamili kwa pango la miaka ishirini. Thamani ni mapatano yenu. Tofauti ikiwepo, mmoja humwongezea mwenzake fedha za kusawazisha.

Kazi ni kuijua hiyo tofauti. Ardhi ya kilimo England imepangwa kwa madaraja, la 1 hadi la 5, na la 3 limegawanywa 3a na 3b. Madaraja ya 1, 2 na 3a ndiyo yanayohesabiwa kuwa ardhi bora. Udongo mweusi wa Fens, mashariki mwa nchi, ndiyo mfano wa daraja la 1 unaotajwa kila mara. Basi ekari sitini za daraja la 2 zinaweza kabisa kubadilishwa na ekari mia za malisho ya mlimani na bado aliyetoa sitini akawa anadai nyongeza.

Lakini daraja halimalizi hesabu. Mthamini ataangalia mabomba ya kutolea maji yaliyofukiwa chini, kama yanafanya kazi au yalishaziba. Ataangalia maji ya kunyweshea mifugo, lango la kuingilia barabarani, magugu sugu kama blackgrass yanayokula mavuno ya ngano, na kama konde liko ukingoni mwa mji ambako siku moja nyumba zinaweza kuruhusiwa. Hili la mwisho ndilo huleta ugomvi. Ndiyo maana hati nyingi huweka sharti kwamba kibali cha ujenzi kikipatikana ndani ya miaka kadhaa, aliyetoa ardhi atapata sehemu ya faida. Ukikubali kubadilishana karibu na mji bila sharti hilo, wajukuu wako watakusema.

Kwa kawaida kila upande huwa na mthamini wake, mara nyingi mwanachama wa RICS, taasisi ya wathamini na wapima ardhi, au wa chama cha wathamini wa kilimo kiitwacho CAAV. Majirani wanaoaminiana huajiri mmoja na kugawana gharama.

Mkulima mpangaji anayelima pale anapelekwa wapi?

Hapelekwi popote. Ardhi inabadili bwana, mpangaji anabaki na mkataba wake. Hili ndilo swali ambalo mabwana hulisahau wakiwa juu ya ramani, wakichora mistari kwa kalamu nyekundu, na ndilo linaloua mapatano mengi.

Kuna wapangaji wa aina mbili kuu. Waliopata upangaji tangu tarehe 1 Septemba 1995 wako chini ya sheria mpya: mkataba kwa kawaida una muda maalumu, ukiisha bwana anaweza kuichukua ardhi yake kwa kutoa notisi. Wa kabla ya hapo wengi wako chini ya sheria ya mwaka 1986, na hao wana ulinzi mzito. Upangaji uliotolewa kabla ya tarehe 12 Julai 1984 unaweza hata kurithiwa mara mbili, kutoka baba hadi mwana hadi mjukuu. Konde lenye mpangaji wa namna hii lina thamani ndogo sana kuliko konde lilelile likiwa tupu, maana bwana mpya anaweza kufa kabla hajalikanyaga kama mkulima.

Sasa chukua hali ya kawaida. Mpangaji ana shamba la ekari mia tatu chini ya mkataba mmoja. Bwana wake anabadilisha ekari hamsini tu na milki jirani. Mkataba haugawanyiki kuwa miwili. Unabaki mmoja wenye mabwana wawili. Kodi ya pango lazima igawanywe, kila mmoja apate fungu lake. Bwana mpya akitaka zile hamsini na kumpa mpangaji notisi ya kuondoka kwenye sehemu hiyo, mpangaji ana haki ya kuigeuza notisi hiyo iwe ya shamba zima na kuondoka kabisa. Bwana wa kwanza, ambaye hakutaka aondoke, anajikuta na ekari mia mbili na hamsini bila mtu.

Njia ya amani ni kumkalisha mpangaji mezani tangu mwanzo: aachie hamsini, apewe nyingine zilizo karibu naye zaidi. Mara nyingi yeye ndiye anayefaidika kuliko wote. Ila kuna mtego. Ukimwongezea ardhi kwenye upangaji wa zamani kiholela, sheria inaweza kuhesabu kwamba mkataba wa zamani umevunjwa na mpya umezaliwa, na ule mpya hauna ulinzi wa 1986. Mtu amepoteza haki ya mwanawe kwa kubadilishana konde la shayiri. Kuna namna ya kuilinda hali ya zamani kwa maandishi, lakini ni ya kufanywa kabla ya sahihi, na wakili anayejua kilimo. Wakili wa talaka na ajali za barabarani hafai hapa.

Kodi je? Si hakuna pesa iliyopita mkono?

Hapa watu hushtuka. Serikali haijali kwamba hakuna pesa. Inaona mauzo mawili.

Tuseme kila shamba lina thamani ya paundi 400,000, hakuna nyumba, hakuna nyongeza. Ushuru wa stempu kwa ardhi isiyo ya makazi ni sifuri kwa paundi 150,000 za kwanza, asilimia 2 kwa 100,000 zinazofuata, na asilimia 5 kwa zinazobaki. Kwa hiyo: 2,000 ukijumlisha na 7,500, paundi 9,500. Kila upande. Wote pamoja wamelipa 19,000 na hakuna aliyepokea hata senti.

Kisha inakuja kodi ya faida ya mtaji. Ukitoa shamba unahesabiwa umeliuza kwa bei ya soko. Kama ukoo unalo tangu zamani, thamani inayotumika kama mwanzo ni ya tarehe 31 Machi 1982, au ya siku alipokufa aliyemrithisha mwenye nalo wa sasa, kama ni baadaye kuliko hapo. Tofauti hutozwa kodi, na tangu Oktoba 2024 viwango kwa mtu binafsi ni asilimia 18 na 24. Anayelima mwenyewe anaweza kuiahirisha kwa kuihamishia kwenye ardhi mpya anayoilima. Mwenye ardhi anayepangisha tu kwa kawaida hana nafuu hiyo. Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kufanya tendo moja, kwenye mkataba mmoja, mmoja akalala usingizi na mwingine akatafuta mkopo wa kulipa kodi.

VAT huingia pale ambapo mmoja wao aliwahi kuchagua ardhi yake itozwe VAT. Ulizeni mapema, maana ni asilimia 20.

Na kodi ya urithi?

Ardhi ya kilimo ina nafuu yake, na mwenye kulima anatakiwa awe ameimiliki na kuilima miaka miwili kabla ya kufa, anayepangisha miaka saba. Habari njema ni kwamba kubadilishana hakurudishi saa sifuri. Ukiwa na ardhi ya zamani na mpya iliyochukua nafasi yake, muda unajumlishwa: miaka miwili kati ya mitano ya mwisho kwa anayelima, saba kati ya kumi kwa anayepangisha.

Nafuu yenyewe imebanwa. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kwamba nafuu ya asilimia 100 itaishia kwenye paundi milioni 1, wakulima wakajaa London, wengine na matrekta. Desemba 2025 kikomo kikapandishwa hadi milioni 2.5 kwa mtu mmoja, kuanzia tarehe 6 Aprili 2026, na kinachozidi hupata nafuu ya asilimia 50. Milki kubwa bado zinaguswa.

Hatua zenyewe zinakwendaje?

Kwanza ramani na chai. Mawakala wa milki mbili hupita mashambani kwa miguu au kwa gari la shambani, wanakubaliana kimsingi, kisha mambo yanaandikwa kwenye karatasi moja isiyo na nguvu ya kisheria. Halafu mawakili, wathamini, benki. Shamba likiwa na rehani, mkopeshaji lazima akubali kuliachia na kushika jipya.

Neno moja linachanganya wageni. Mawakili wa England husema “tumebadilishana” wakiwa na maana ya kubadilishana nakala za mkataba zilizosainiwa, jambo linalofanyika kwenye mauzo yoyote ya nyumba au ardhi. Usidhani kila wanaposema hivyo kuna shamba limehama.

Mkataba wa ardhi wa mdomo hauna nguvu. Tangu mwaka 1989 lazima uandikwe, masharti yote yawemo, na pande zote zisaini. Majirani waliopeana mikono miaka ya sitini mbele ya lango la shamba na wasiandike kitu wamewaachia watoto wao kesi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho ni Masjala ya Ardhi. Milki za zamani zilikuwa za mwisho kuandikishwa, kwa sababu uandikishaji hulazimishwa na mauzo, urithi au rehani, na wao walikuwa hawauzi. Siku moja wanabadilisha konde na ghafla wakili anapanda darini kutafuta hati za karne ya 19 ndani ya sanduku la bati. Mstari mwekundu kwenye ramani ya masjala nao haupimi kwa sentimita. Unaonyesha mpaka kwa ujumla tu.

Basi mpaka halisi unajulikanaje?

Kwa ua na mtaro, mara nyingi. Sheria inachukulia kwamba aliyechimba mtaro alisimama ukingoni mwa ardhi yake, akatupa udongo upande wake, akapanda ua wa vichaka juu ya tuta hilo. Kwa hiyo mpaka uko ukingo wa mbali wa mtaro, si kwenye ua. Mgeni akiona ua anadhani ndio mwisho wa shamba, kumbe mtaro mzima ni wa mwenye ua. Dhana hiyo huanguka kama mashamba yote mawili yalikuwa ya mtu mmoja mtaro ulipochimbwa, na kwenye milki kubwa hilo ni jambo la kawaida. Ndiyo maana mkataba mzuri wa kubadilishana husema kwa maneno ua ni wa nani na nani atazibua mtaro.

Njia za miguu, uwindaji na madini vinahama?

Njia ya umma haihami kabisa. Wapita njia hawajali hati iko kwa nani. Haki za kuwinda ndege kama kware na pheasant na haki za madini ni jambo tofauti: aliyetoa ardhi anaweza kujibakizia. Utakuta milki imeachia konde miaka mingi iliyopita lakini bado ina haki ya kuingia na bunduki kila msimu wa baridi. Soma hati mpaka mwisho.

Nikishapata konde jipya, naweza kung'oa ua unaolitenga na konde langu la zamani?

Pole pole. Ua wa vijijini wenye urefu wa mita 20 au zaidi kwa kawaida unalindwa na kanuni za mwaka 1997. Lazima uwaarifu wenye mamlaka ya mipango miji na vijiji, nao wana siku 42 za kujibu. Ua wa zaidi ya miaka 30 wenye umuhimu wa kihistoria au wa viumbe, wanaweza kukukataza kabisa kuung'oa. Kubadilishana kunafaa sana kwa sababu konde linakuwa kubwa, halafu unagundua kwamba katikati yake pana ua wa mwaka 1790 usiogusika.

Mikataba ya ruzuku za mazingira nayo imefungwa kwenye ardhi, si kwenye mtu. Ukitoa konde lenye mkataba ambao mwenzako hataki kuuendeleza, unaweza kudaiwa ulichokwisha pokea.

Je, lazima kiwe cha kudumu?

La. Kubadilishana kunakofanyika zaidi ni kwa msimu, bila hati ya umiliki kuguswa. Viazi ndivyo chanzo. Minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya viazi hukaa miaka mingi, kwa hiyo mkulima makini harudishi viazi konde lilelile kabla ya miaka sita au zaidi. Jirani mwenye ngano na ng'ombe ana ardhi iliyopumzika kutokana na viazi. Wanabadilishana makonde mwaka mmoja, mmoja alime viazi, mwingine apate nafaka yake kwingine. Karoti na vitunguu hufuata mantiki hiyohiyo. Huandikwa kwa ukurasa mmoja au miwili, mkataba wa zao hilo tu.

Makabidhiano, ya msimu au ya kudumu, hupenda tarehe za kale: tarehe 29 Septemba, siku ya Mtakatifu Mikaeli, baada ya mavuno, au tarehe 25 Machi. Anayeondoka hulipwa kwa mbolea aliyoiweka ambayo bado haijatumika na kwa zao lililoko shambani.

Vyuo, makanisa na mashirika ya hisani wana masharti zaidi?

Wanayo. Shirika la hisani kwa kawaida haliruhusiwi kuachia ardhi bila ushauri wa maandishi wa mtaalamu, na wadhamini wake lazima waridhike kwamba walichopata ndicho bora. Kwa upande wa kodi wana raha, mara nyingi hawalipi. National Trust, shirika linalohifadhi majumba na ardhi za kihistoria, ina ardhi iliyotangazwa chini ya sheria ya mwaka 1907 kuwa haiuziki. Hapo usipoteze muda wa mtu.

Malisho ya pamoja ya kijiji yana utaratibu wake. Ukitaka kuondoa kipande cha zaidi ya mita za mraba 200 kwenye daftari la ardhi hiyo, sheria ya mwaka 2006 inakulazimisha utoe ardhi nyingine badala yake, na uamuzi ni wa serikali.

Kuna uhusiano wowote na kwetu?

Upo, na si wa kufurahisha sana. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 nchini Kenya ulichukua wazo hilihili la kuunganisha vipande vilivyotawanyika na kumpa mtu hati moja. Uliharakishwa Kenya ya Kati wakati wa Hali ya Hatari, wengi wakiwa kizuizini, na waliokuwa nje ndio waliokuwepo wakati wa kupima. Mpaka leo, mashamba ya kilimo ya Kenya yaliyo chini ya sheria ya udhibiti wa ardhi hayabadilishwi bila ridhaa ya bodi. England haina bodi kama hiyo. Wawili wakikubaliana wamekubaliana. Tanzania nayo ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, kwa hiyo kinachobadilishwa ni haki ya kuitumia.

Mgeni asiye raia anaweza kumiliki na kubadilisha ardhi huko?

Anaweza. Kampuni ya nje ya Uingereza, hata hivyo, lazima kwanza ijiandikishe na kutaja wamiliki wake halisi, kwa sheria ya mwaka 2022.

Kuna mahali ambapo kutoelewana kwa mabwana kulileta kitu kizuri?

Laxton, Nottinghamshire. Makonde yake matatu ya wazi, West Field, Mill Field na South Field, bado yanalimwa kwa mzunguko wa kale, moja likipumzika kila mwaka. Sababu inayotajwa sana ni kwamba kijiji kilikuwa na wenye ardhi wakubwa wawili, ukoo wa Manvers na ule wa Earl wa Scarbrough, ambao hawakuafikiana namna ya kupanga upya ardhi yao iliyochanganyika. Karne ya 19 ikaisha bila ua. Ramani ya mwaka 1635 iliyochorwa na Mark Pierce bado ipo Oxford, na ukiiweka kando ya konde la leo unaona umbo lilelile, japo vipande vimepunguzwa na kuunganishwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwaka 1952 Manvers aliiuza ardhi hiyo kwa Wizara ya Kilimo, mwaka 1981 ikaenda kwa Crown Estate, yaani mali za kiti cha ufalme, na mwaka 2020 ikarudi kwa milki ya Thoresby, ya ukoo uleule. Mwishoni mwa Novemba baraza la wakulima hutembea kwenye konde lililopandwa ngano, wakichomeka vigingi kuonyesha mpaka wa njia, na aliyelima kupita mpaka wake huandikiwa faini. Wiki inayofuata huketi kuzihukumu. Kabla ya hapo, siku ya kutembea, hula chakula cha mchana kwenye baa ya kijiji.